Ndoo Mbili za Mwenyekiti

Nyumbani kwao Temeke, Atuganile Mwaisumo aliitwa Redio. Jina hilo alilipata akiwa darasa la pili, siku aliyosimama mlangoni na kumsimulia mgeni habari zote za nyumba, tangu ugomvi wa shangazi na mawifi zake mpaka idadi ya kuku waliokuwa wakinoneshwa kwa ajili ya Pasaka. Wazazi wake walikuwa watu wa Rungwe waliohamia Dar kabla hajazaliwa. Baba yake, Daniel, siku za kazi alikuwa karani bandarini, na Jumamosi alikuwa mshereheshaji. Kwenye sendofu na kipaimara za mtaani kwao, sauti yake ndiyo iliyowainua watu vitini. Mama yake alizoea kusema, "Pua kachukua kwangu. Mdomo kauzoa wote kwa baba yake."

Alipofika kidato cha tatu, akiwa na miaka kumi na sita, Atu alikuwa anaweza kumchekesha mwalimu aliyekuja darasani na fimbo. Lakini alikuwa na udhaifu mmoja ambao hakuna aliyeujua isipokuwa mama yake: hakuweza kuvumilia kununiwa. Katika watu mia, akinuniwa na mmoja, wale tisini na tisa hawakumtosha. Angemzunguka huyo mmoja, amtanie, ambembeleze, amwahidi hiki na kile, mpaka uso umkunjuke.

Basi ilipotangazwa kwamba likizo ya Juni kutakuwa na mafunzo ya wiki moja ya uraia na uongozi kwa wasichana, katika shule moja ya bweni huko Bunju, mwalimu wake wa Uraia hakuitisha hata kura. "Mpelekeni Redio," alisema.

Walifika Jumapili mchana, wasichana arobaini kutoka shule za Temeke, Kinondoni na Segerea, kila mmoja na begi lake na ndoo yake. Atu alipangiwa kitanda cha juu. Cha chini yake alipewa msichana mwembamba, mpole, aitwaye Hamida Fakihi, binti wa mchonga vinyago wa Mwenge. Kwao asili ni Newala. Hamida alikuwa wa kwanza kutandika kitanda, na alipomaliza alikizungushia kanga kama pazia. Wengine walikaliana vitandani wakipiga soga. Yeye kwenye chake hakukaribisha mtu. Atu alimtania mara mbili, Hamida akacheka mara zote mbili, wakawa marafiki.

Aliyeyaendesha mafunzo alikuwa Madam Bernadeta, mama mfupi mwenye sauti ya chini, aliyestaafu baada ya kuwa mtendaji wa kata kwa miaka mingi. Jumatatu asubuhi alisimama mbele yao bila karatasi.

"Serikali haianzii Dodoma," alisema. "Inaanzia chooni kwenu. Nani anasafisha, nani anapanga zamu, na asiyesafisha anafanywa nini. Kwa wiki hii bweni hili ni mtaa, nyie ndio wakazi. Mie na matroni tutakaa pembeni. Mtatuona mkiumwa tu, au mkipigana."

Siku nzima aliwafundisha nani hufanya nini: mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi, mtendaji huajiriwa, mkuu wa wilaya huteuliwa. "Mkichanganya hayo matatu," aliwaambia, "mtakwenda kumlilia mtu asiye na ufunguo."

Walibishana saa nzima kuhusu jina, mwisho wakauita Mtaa wa Bwenini. Jumanne ikawa siku ya uchaguzi, na waliojitokeza kugombea uenyekiti walikuwa wawili, Atu na Elinaza.

Elinaza alitoka Segerea. Alikuwa mrefu, mkavu wa maneno, mtoto wa mwalimu, mwenye mwandiko uliokaa kama umechapwa. Katika kampeni alisema ataweka zamu za usafi na ataubandika ubao wa matangazo. Watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha akapanda Atu. Alianza kwa kumwigiza matroni anavyokohoa, bweni zima likaangua kicheko. Halafu akainua mkono, kama alivyomwona baba yake akifanya mara mia.

"Jamani, Dar hii joto! Mie nikiwa mwenyekiti, kila mkazi ataoga mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na hakuna cha foleni!"

Kura zilipohesabiwa, Atu alikuwa na ishirini na nne, Elinaza kumi na sita. Madam Bernadeta akamwajiri Elinaza kuwa mtendaji, ili atunze madaftari. Jioni Atu aliazima simu ya matroni akampigia baba yake, na huko Temeke Daniel alipiga kelele ya furaha mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Jumatano saa nne maji yakakatika. Ilisemekana tingatinga lililokuwa likitengeneza barabara limepasua bomba kubwa, na mafundi hawajui watamaliza lini. Shule ikaagiza gari la maji lije mara moja kila jioni, lijaze simtanki la lita elfu mbili. Madam Bernadeta akawaita Atu na Elinaza, akawakabidhi kufuli la bomba la tangi pamoja na ufunguo wake.

"Madam, na sie tufanyeje?" Atu aliuliza.

"Nyie ndio serikali," alijibu yule mama, akaondoka zake.

Elinaza akapiga hesabu nyuma ya daftari. Tangi lilikuwa na ndoo mia. Jiko na vyoo vitachukua sitini. Zinabaki arobaini.

"Ndoo moja kwa mtu kwa siku," alisema. "Hakuna ya pili."

"Niliwaahidi mara mbili."

"Uliahidi maji, mwenyekiti. Sasa yako wapi?"

Atu akaenda kuwaambia. Alitumia utani wote aliokuwa nao, lakini wapo walionuna. Hata hivyo utaratibu ulikubaliwa: mwenyekiti atashika ufunguo, mtendaji ataweka alama kwenye daftari mbele ya kila jina, na anayechukua ndoo ajulikane.

Alhamisi alfajiri Atu aliamka mapema kumfungulia mpishi maji. Alipokuwa akirudi alimwona mtu amechuchumaa nyuma ya jiko, karibu na kamba za kuanikia, amekumbatia furushi. Alikuwa Hamida. Shuka lilikuwa limevingirishwa ndani ya kanga, na harufu ilieleza yote.

"Atu, usiniangalie," Hamida alisema. "Nakuomba. Pita tu."

Atu hakupita. Akachuchumaa kando yake.

"Tangu utotoni," Hamida alisema, uso ukiwa magotini. "Hospitali walisema itaisha nikikua. Nyumbani imepungua, mara moja moja tu. Nikilala ugenini nikiwa na hofu ndio inarudi. Baba alinikataza nisije, mie nikang'ang'ania. Nimekuja na mpira wa kutandika, lakini shuka sina la pili. Na maji ndio haya ya kuandikwa majina. Nimeshachoka, Atu. Nataka kurudi nyumbani leo."

"Hurudi kokote."

Atu alirudi kwenye tangi, akafungua kufuli, akajaza ndoo mbili. Moja ilifua shuka na kanga, nyingine ilimwogesha Hamida. Shuka wakalianika ndani kabisa, katikati ya mataulo ya jikoni, ambako lisingeonekana. Daftarini hakuandika kitu. Angeandika nini? Alifikiri ndoo mbili katika mia hazitaonekana, na pia alifikiri, maana hakuwa malaika, kwamba Hamida atampenda maisha yake yote.

Zilionekana. Saa tisa mchana, zamu ya mwisho ya kuoga, Bupe wa Mbagala alikuwa amejipaka sabuni kichwa kizima akisubiri ndoo yake. Bomba likatoa nusu jagi, likakoroma, likakata. Nyuma yake mwenzake mwingine alikuwa hajapata hata tone. Bupe alitoka bafuni amejifunga kanga, povu likimtiririka machoni, akilia kwa hasira.

Elinaza alifungua daftari. Alama zilikuwa thelathini na nane. Akahesabu tena, na tena.

"Zimepotea ndoo mbili," alisema.

"Mie nimemwona mwenyekiti alfajiri," akasema msichana mmoja kutoka dirishani. "Kabeba ndoo mbili, huku na huku, kaenda nyuma ya jiko."

Saa kumi mkutano mkuu wa Mtaa wa Bwenini ukaitishwa ukumbini. Madam Bernadeta alikaa nyuma kabisa, mikono mapajani. Elinaza alisoma tuhuma kwa sauti ileile aliyosomea ratiba ya chakula, kisha akauliza:

"Mwenyekiti, ndoo mbili ulizichukua wewe?"

"Nilizichukua mie."

"Za nini?"

Atu aliangalia watu. Hamida alikuwa safu ya tatu, anatazama vidole vya miguu yake. Uongo ulimjia Atu bila kuuita, tena aina aina: damu ya pua, mpishi kazidiwa, ndoo imemwagika njiani. Kila mmoja ungefaa, na angeusema vizuri, mpaka watu wamwonee huruma. Lakini Bupe alikuwa mbele yake, macho mekundu kwa sabuni, na Atu akaona haya kumwongezea yule msichana uongo juu ya povu.

"Siwezi kusema," alijibu.

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

Ukumbi ukavuma. "Kaoga ndoo tatu!" mtu alipiga kelele. "Si alituahidi mara mbili? Kaanza na yeye mwenyewe!" Kicheko kilipita, kikali, na kwa mara ya kwanza maishani kicheko cha watu wengi kilimwelekea Atu bila yeye kukiita. Alimsubiri Madam Bernadeta aseme neno, hakusema. Msichana mmoja akatoa hoja kwamba mwenyekiti avuliwe, mwingine akaunga mkono, na Elinaza akawaambia wanaokubali wanyooshe mikono.

Mikono ilinyanyuka ishirini na tisa. Atu hakuihesabu; aliuona mmoja tu. Safu ya tatu, kati ya wenzake waliokwisha kunyoosha kulia na kushoto, Hamida alipandisha mkono taratibu mpaka usawa wa sikio, akaubakisha hapo.

Atu akavua ufunguo uliokuwa shingoni kwa kamba ya kiatu, akauweka mezani, akaenda kukaa na wakazi. Kabla ya chakula cha jioni Elinaza alikuwa mwenyekiti.

Usiku ule Atu alipanda kitandani mapema. Alilala amegeukia ukutani akimsikia Hamida naye akijigeuza chini yake, na wote wawili walijua mwenzake yu macho.

Ijumaa, wakati wa uji, Elinaza alikuja na kikombe chake akaketi mbele ya Atu. Wale waliokuwa karibu wakasogea, wakidhani kutazuka ugomvi. Elinaza akangoja mpaka wawe mbali.

"Leo alfajiri kuna mtu kanijia," alisema kwa sauti ndogo. "Kachafuka. Anahitaji maji. Kanisihi nisimwandike."

"Nani?"

"Siwezi kuku..." Elinaza akakatiza. Akaweka kikombe chini. "Mungu wangu," alisema. "Ndio ilikuwa hivyo?"

Atu alikoroga uji wake. Hakujua kama aliyemjia Elinaza ni Hamida au ni mwingine aliyeingia mwezini, na hajajua mpaka leo.

"Mbona hukuniita pembeni ukaniambia?"

"Ningekuambia nini? Halikuwa langu."

"Lakini Bupe alikaa na povu kichwani mpaka gari la jioni, Atu. Hilo nalo lilikuwa kweli."

"Najua," Atu alisema. "Nalifikiria tangu jana. Mlikuwa na haki ya kunitoa."

Maneno hayo yalimtoka kwa shida, na alipoyasikia alishangaa kwamba anayaamini. Elinaza akatoa kalamu. Walikaa pale mpaka uji ukapoa, mmoja akisema, mwingine akikata na kuandika upya. Ilipofika saa tano walikuwa na sheria ndogo ya mistari minne, kwa mwandiko wa Elinaza. Kila mkazi atajaza ndoo yake kidole kimoja chini ya ukingo. Vidole arobaini vikikusanywa zinapatikana ndoo mbili. Ndoo hizo zitakaa kwa matroni. Anayezihitaji atapewa, hataulizwa ya nini, na daftarini itaandikwa idadi bila jina.

Mkutano wa mchana ulikuwa mgumu. Elinaza alisoma, na kabla hajamaliza Bupe alikuwa amesimama.

"Hii ni mlango wa wizi," alisema. "Mie kesho naamka nina dharura. Keshokutwa dharura. Atanikatalia nani, na mmesema nisiulizwe?"

Watu wakacheka, wengi wakikubaliana naye. Elinaza alianza kueleza hesabu ya vidole, akajikanyaga. Atu akanyoosha mkono akiwa nyuma, kama mkazi mwingine yeyote, akangoja mpaka aitwe.

"Hakuna atakayekukatalia, Bupe," alisema. Hakuigiza mtu, wala hakuinua mkono kama mshereheshaji. "Utaichukua, na utajua mwenyewe umechukua ya nini. Wapo watakaodanganya, wawili watatu. Ila yule mwenye lake la kweli asilazimike kusimama hapa mbele ya watu arobaini kuliomba. Mie jana nimesimama hapa. Si pazuri." Kisha akaongeza, "Na wewe ulikaa na sabuni kichwani kwa ajili yangu. Nisamehe. Ningetafuta njia nyingine, sikutafuta."

Bupe alibaki amesimama kitambo, kama mtu aliyejiandaa kusukuma mlango akaukuta wazi. Akaketi. Sheria ikapita kwa kura ishirini na saba. Nyuma ya ukumbi Madam Bernadeta alikuwa akiandika kitu kwenye kijidaftari chake. Baadaye aliwaambia kwamba katika miaka yake yote ya kata hajawahi kuona sheria ndogo iliyoandikwa siku moja na kupita siku hiyohiyo. Alisema hivyo bila kutabasamu, wakashindwa kujua kama ni sifa.

Jioni Hamida alimfuata Atu kwenye karo la kuoshea sahani. Akaanza kufuta sahani ambazo Atu alishazifuta.

"Jana niliinua mkono," alisema.

"Niliuona."

"Wote walikuwa wameinua. Nikaona nikiuacha chini watanitazama. Watajua." Machozi yalikuwa yakidondokea sahani. "Ulinisitiri, mie nikakutosa."

Redio wa zamani angesema haraka, aah, yameisha, usijali shosti, ili mwenzake atabasamu. Atu alifungua mdomo kusema hivyo, ukakataa.

"Iliniuma," alisema. "Kuliko ile mikono mingine yote. Bado inauma."

Hamida akatikisa kichwa kukubali.

"Lakini sikuchukii. Na ningechukua tena zile ndoo." Akamsogezea rundo la vijiko. "Futa na hivi basi, maana sahani umeshazitoboa."

Wakafuta vijiko mpaka vikaisha.

Jumamosi wazazi walikuja kwenye kufunga. Matroni alitoa taarifa kwamba tangu sheria ianze, katika zile ndoo mbili ilitumika moja tu, na nyingine ilipikia chai ya wageni. Elinaza alihutubia kwa ufupi. Kila msichana akapewa cheti.

Daniel alikuja na shati lake la shughuli, la kola ndefu. "Mheshimiwa mwenyekiti!" aliita kutoka getini, mpaka wazazi wengine wakageuka.

"Shikamoo, baba. Si mwenyekiti tena. Walinivua Alhamisi."

"Walikuvua?" Tabasamu likamyeyuka. Alikuwa ameshawatangazia watu wawili wa bandarini na sherehe moja nzima ya sendofu. "Ulifanya nini, mwanangu?"

Kabla Atu hajajibu, mzee mmoja mwenye kofia ya kitambaa na vumbi la mpingo kwenye kucha alisimama mbele yao. Hamida alikuwa nyuma yake hatua chache, anatazama pembeni.

"Wewe ndiye Atuganile?" mzee aliuliza.

"Ndimi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akauchukua mkono wake kwa mikono yake miwili, migumu kama maganda ya mti, akaushika. Ilionekana ana maneno aliyoyapanga njia nzima, nayo hayatoki. "Mimi ni Fakihi," alisema mwisho. "Ahsante, mwanangu. Mungu akuweke." Akampa Daniel mkono, akamwambia, "Umelea," kisha akaondoka na binti yake, begi begani.

Daniel alimtazama mpaka akapotea getini. "Anakushukuru nini yule?"

"Nilimsaidia Hamida kitu kidogo, baba."

Daniel akangoja sehemu iliyobaki ya habari. Kwa mtoto huyu daima kulikuwa na sehemu iliyobaki, pamoja na sauti za wahusika wote. Alipoona haiji, alifungua mdomo aulize, akamtazama vizuri binti yake, akaufunga. Akainama akachukua ndoo na begi lake, vyote viwili, na kumwambia mama yake amepika ndizi na maharage toka asubuhi, watembee haraka.

Wiki iliyofuata, siku ya Jumapili baada ya kanisa, simu ya mama iliita. Alikuwa Hamida, anataka kuongea na Atu. Walizungumza karibu nusu saa, kuhusu shule kufungua, kuhusu Elinaza ambaye ameomba namba zao wote wawili, kuhusu kikohozi cha matroni. Atu alimwigiza, na Hamida, kule Mwenge, alicheka mpaka baba yake akauliza kuna nini.